Mashimo ya dhahabu yenye maji: tupande kitu ambacho mtu hatakula

Dhahabu ikiisha katika shimo, wachimbaji wanabeba pompe na majembe yao, wanaenda kutafuta fasi ingine. Shimo linabaki. Mvua ya mwezi wa tatu inalijaza, watoto wanaliona kama fasi ya kuogelea, na mama mwenye nyumba ya karibu hana tena usingizi mzuri. Katika Irumu, Djugu na Mambasa mashimo ya namna hii iko mingi, na wasomaji wetu wa Nyankunde hawahitaji mtu wa kuwaeleza sura yake: kando zimesimama wima, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na hakuna anayejua urefu wa chini.

Tukiongea juu ya mashimo hayo, watu wengi wanatoa shauri moja: tutie samaki ndani, au tulime lengalenga na mateke pembeni. Ni shauri la mtu mwenye nguvu na mwenye watoto wa kulisha, hatulicheki. Lakini kama dhahabu ilioshwa hapo kwa zebaki, ile tunaita mercure, shauri hilo linaweza kuumiza nyumba nzima. Njo maana leo tunaleta shauri lingine: tupande pale mafunjo na mimea inayofanana nayo, ambayo hakuna mtu atakula. Itashika udongo, itafanya fasi ipendeze, na mtu akijipanga vizuri inaweza kumfundisha kazi ya kupata franka kidogo.

Kwanza, kwa nini si samaki

Zebaki ni nzito zaidi ya mara 13 kuliko maji. Ikimwagika wakati wa kuosha, haiendi juu, inashuka katika matope na kukaa hapo miaka na miaka. Ndani ya matope yasiyo na hewa kuko vijidudu ambavyo vinaigeuza kuwa aina ingine, yenye sumu zaidi. Wadudu wa majini wanaimeza, samaki wadogo wanakula wadudu, samaki wakubwa wanakula wadogo, na kila hatua sumu inaongezeka. Mwisho wake iko kwenye sahani ya mtoto. Kuchemsha hakuiondoi, kukausha hakuiondoi, pilipili haiifichi.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa machozi, kule Minamata, mji wa Japani. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956: watu waliokula samaki wa ghuba ile walianza kutetemeka, kushindwa kutembea na kuongea, na wamama ambao wenyewe hawakuonekana wagonjwa walizaa watoto wenye ulemavu. Sumu ilitoka katika maji machafu ya kiwanda. Mkataba wa dunia juu ya zebaki ulipewa jina la mji huo. Ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, na ndani yake uchimbaji mdogo wa dhahabu umetajwa waziwazi.

Kwa hiyo sheria yetu ni fupi. Kama mzee mmoja aliyefanya kazi katika shimo lile anakumbuka kwamba mercure ilitumika, au kama hakuna mtu anayejua, hesabu kwamba iko. Usitie samaki. Usilime chakula pembeni. Usinyweshe mbuzi wala ng'ombe. Kama shimo ni la chemchemi safi ambapo dhahabu haikuoshwa hata siku moja, hilo ni jambo lingine, na étang ya samaki inaweza kufaa.

Mafunjo yanafanya nini, na hayafanyi nini

Mtu ataniuliza: basi mafunjo yatatoa mercure yote? Apana. Mtu akikuambia hivyo, usimwamini. Mmea unashika kidogo, sana sana kwenye mizizi, na ile ingine inabaki matopeni. Faida yake ni ya namna ingine. Mizizi inafungana kama kikapu, inashika kando ya shimo isibomoke. Mabua yanapunguza mwendo wa maji, na maji yakienda pole pole, matope yanashuka chini badala ya kuteremka hadi kwenye kijito ambapo mama wa chini anateka maji ya kupika.

Mfano wa karibu iko ng'ambo ya mlima Ruwenzori, Kasese, Uganda. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka 1956. Mabaki yake yalilundikwa Kasese, na mvua ikayaosha kwenda upande wa ziwa George. Kati ya mabaki na ziwa kuko mabwawa makubwa ya mafunjo, na wataalamu waliopima matope ya pale waliona shaba imeshikwa humo. Bwawa halikuiharibu shaba ile, lilizuia nyingi isiendelee mbele. Kampala pia, bwawa la Nakivubo linapokea maji machafu ya mji kabla hayajaingia ziwa Victoria, karibu na Ggaba ambapo mji unateka maji yake ya kunywa. Mafunjo yakikatwa ili kulima na kujenga, kazi hiyo inapungua.

Bwawa kubwa la asili na shimo la kandokando ya nyumba si kitu kimoja. Lakini kazi ya mizizi ni ileile, na hasara ya kuikata ni ileile.

Mimea minne ya kujua

Watu wanaita yote "majani ya bwawa". Tuitenganishe, kwa sababu kila moja iko na tabia yake.

Mafunjo, ambayo Wafaransa wanaita papyrus, yanafika metre 4 hadi 5. Bua lake lina pembe tatu. Lishike kwa vidole na macho ukiyafunga utazisikia. Kichwani kuko kama nywele nyingi za kijani. Ni mmea wa kwetu Afrika, uleule ambao Wamisri wa zamani walitengenezea karatasi. Unafaa kwa shimo kubwa, si kwa basani mbele ya mlango.

Ndugu yake mdogo ana majani yaliyopangwa juu kama mwavuli uliofunguliwa, na urefu wake ni metre moja au zaidi kidogo. Huyu pia ni mtoto wa Afrika, anaota pembeni ya mito. Kule Ulaya watu wanamnunua dukani katika chungu, wanamweka sebuleni kwa sababu baridi ya nje ingemuua. Kwetu watu wanamkanyaga wakienda kuteka maji.

Wa tatu ni jonc yenyewe. Haina majani mapana: ni mabua ya mviringo, membamba, yenye ncha, yamesimama pamoja kama sindano za kushona. Bua la mviringo njo alama ya kuitofautisha na mafunjo. Inapenda fasi za juu zenye hewa ya baridi, pembeni ya vijito na kwenye udongo usiokauka. Haikimbii ovyo, inakaa katika fungu lake, kwa hiyo inafaa sana bustani ndogo.

Wa nne ni ule wenye kichwa cha rangi ya kahawia kama mshumaa mnene. Watoto wanaupenda. Lakini uangalie: kichwa kimoja kinaweza kubeba mbegu zaidi ya laki moja, zinaruka na upepo kama pamba, na mizizi yake inatembea chini ya matope. Ukiutaka kwa uzuri, uweke ndani ya bidon iliyokatwa, na ukate vichwa mbele ya kupasuka. Kama tayari umevamia, ukate mabua chini ya uso wa maji. Mizizi inapumua kupitia mabua hayo. Maji yakiyafunika, inakufa pole pole.

Kutengeneza shimo mbele ya kupanda

Kazi hii inafanywa wakati wa kiangazi, mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili, maji yakiwa chini. Wachimbaji wanaijua kuliko sisi, tunawakumbusha tu: kama kando ina mipasuko, msikaribie. Bomoeni kutoka juu, msisimame chini ya udongo. Shimo jembamba na refu kama kisima halifai hata kidogo kwa bustani, hilo lifukiwe. Tunaongea juu ya shimo pana.

Kando iliyosimama wima njo inayoua. Mtoto akiteleza, hana fasi ya kushika. Ilazeni: kwa kila metre moja ya kushuka, iwe na metre tatu za mlalo. Udongo unaobomolewa unaenda ndani ya shimo, unapunguza urefu na kufunika matope ya zamani. Hayo matope ya chini msiyachokore, na msiyashike kwa mikono mitupu. Kwa kupanda tumieni udongo mzito wa fasi safi, ule wa mfinyanzi.

Pembeni acheni ngazi ya upana wa metre moja, ambapo maji hayapiti goti la mtoto, tuseme sentimetre 20 hadi 30. Hapo njo kitanda cha mimea. Mtu akianguka, ngazi ile inamsaidia kusimama.

Lakini mimea ikishakuwa mirefu inaficha maji. Mtoto wa miaka 4 anayefuata mpira haoni tena mwisho wa ardhi. Kwa hiyo mimea haichukui nafasi ya ua. Wekeni ua wa miti yenye miiba au wa fito, nje ya mimea, na mlango mmoja unaofungwa. Kama nguvu iko ya kazi moja tu mwaka huu, fanyeni ua kwanza na mimea mwaka ujao.

Namna ya kupanda

Mafunjo: ng'oa kipande cha mzizi chenye mabua mawili au matatu, kata mabua yabaki na urefu wa mkono hadi kiwiko, zika mzizi katika udongo wa ngazi, weka jiwe juu yake usielee. Vipande viwili au vitatu kwa kila metre ya mraba vinatosha. Maji yasivifunike mpaka vichipuke. Njo maana wakati mzuri ni mvua za kwanza, maji yanapopanda pole pole.

Jonc: gawa fungu kwa mpanga kama unavyogawa fungu la kitunguu cha majani, kila kipande na mizizi yake. Panda kwenye matope au ndani ya maji ya sentimetre 5 hadi 10, katika jua.

Ule wa mwavuli ni wa kufundishia watoto. Kata kichwa pamoja na kipande kifupi cha bua. Punguza majani nusu kwa makasi. Kigeuze, majani chini na bua juu, ukiweke ndani ya kikombe cha maji safi. Wiki mbili tatu baadaye mizizi myeupe na machipukizi yanatoka katikati. Hapo unakihamisha kwenye udongo wenye maji. Bua moja unalokata porini linakupa mmea mzima, bila kununua mbegu, bila mbolea.

Mbu na konokono

Hatutaki kumdanganya mama yeyote: mimea hii haifukuzi mbu. Kuko mbu wa malaria wanaopenda vidimbwi vidogo vyenye jua, kama nyayo za ng'ombe na alama za tairi, na kuko wengine wanaopenda maji ya kudumu yenye majani. Kule Kabale, kusini-magharibi ya Uganda, utafiti uliotangazwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba vijiji vilivyo kando ya mabwawa yaliyolimwa vilikuwa na joto zaidi kidogo kuliko vile vya kando ya mabwawa ya mafunjo ya asili, na joto hilo linasaidia malaria. Kwa hiyo kufyeka bwawa zima si dawa, na kupanda bwawa mlangoni pia si dawa. Fukieni vidimbwi vidogo vyote kuzunguka shimo, toeni mabua yaliyooza, na kila mtoto alale chini ya chandarua. Homa ikianza, msingojee: hospitali ya CME iko kwa kazi hiyo.

Konokono pia wanapenda kushika majani ya majini, na kuko konokono wanaobeba bilharzia. Ugonjwa huo iko Ituri, sana sana upande wa ziwa Albert. Choo kisiwe karibu na maji, watoto wasioge humo, na mtu anayekata mimea avae buti.

Ua moja la kukataa

Kuko mmea mmoja mzuri sana ambao tunawaomba msiulete hata mkipewa bure. Unaelea juu ya maji, majani yake yanang'aa, ua lake ni la zambarau. Wafaransa wanauita jacinthe d'eau, Kinshasa wanauita Congo ya sika. Ulitoka Amerika ya Kusini, na watu wakausambaza duniani kwa sababu ya uzuri wa ua. Katika miaka ya 1950 ulikuwa umeshaingia mto Congo na kufunga njia za mashua. Mwisho wa miaka ya 1980 ulionekana ziwa Victoria, na miaka michache baadaye wavuvi walishindwa kutoa mitumbwi yao.

Kijito cha Nyankunde si kitu cha kujitenga. Maji ya upande wetu yanatafuta Shari, Shari inatafuta Ituri, Ituri inakuwa Aruwimi, na Aruwimi inaingia mto Congo. Mtu anayepanda pembeni ya maji anapanda pia kwa ajili ya wale wa chini. Mafunjo, jonc na ule wa mwavuli tayari ni mimea ya Afrika, njo sababu ya kuichagua.

Na franka?

Hapa tunaomba watu watenganishe vitu viwili. Mimea ya shimo lenye mercure ibaki pale, iwe ya kushika udongo na kupendeza. Isiwe chakula cha mbuzi, mizizi yake isichomwe jikoni, na kirago cha kulalia mtoto kisisukwe kwayo. Kwa kirago, kateni mafunjo kwenye bwawa safi, juu ya maji, bila kung'oa mzizi, kiisha mliache fungu hilo lipumzike angalau mwaka mmoja.

Mimea ya kuuza ikuzwe nyumbani, ndani ya bidon na basani zilizopasuka, kwa udongo safi na maji safi. Ule wa mwavuli na jonc vinafaa: havihitaji chungu kikubwa, na ukivisahau siku mbili bado viko katika maji yao. Maji ya basani yabadilishwe kila wiki ili mbu wasikue. Wanunuzi wanaoweza kufikiriwa iko Bunia: hoteli, ofisi, mapambo ya kanisa, ukumbi wa ndoa. Lakini mbele ya kupanda bidon hamsini, peleka tatu, uliza bei, uone kama mtu anatoa franka au anatoa sifa tu. Hatuahidi kwamba kazi hii itachukua fasi ya dhahabu. Inaweza kuwa kazi ya mama au ya kijana wa shule wakati baba iko machimboni, na hakuna mtu anayekufa chini ya udongo kwa sababu yake.

Mbele ya jembe, neno

Shimo lililoachwa lina mwenyewe. Mwenye shamba, PDG wa zamani, chef wa kijiji, kila mmoja anaweza kukumbuka haki yake siku ile mtu mwingine anapolitengeneza. Kaeni pamoja kwanza, muandike, washahidi waweke mikono. Watu wa SAEMAPE, wanaosimamia wachimbaji wadogo, waulizwe pia kama dhahabu itatafutwa tena hapo. Ni hasara kupanda mwaka mmoja na kuchimbuliwa kwa siku moja.

Na kwa wachimbaji ambao bado wanafanya kazi: shimo rahisi kutengeneza ni lile ambalo halijaachwa bado. Udongo wa juu uwekwe upande wake, kando zilazwe pompe ikiwa bado iko, zebaki isitumike karibu na maji wala isichomwe ndani ya nyumba. Kazi ya siku mbili leo inaokoa kazi ya mwezi mzima kesho.

Nyankunde ilitawanywa na vita mwezi wa tisa mwaka 2002, watu wakatembea kwa miguu hadi Oicha na Beni, na wengi walirudi kujenga tena nyumba na hospitali. Mtu aliyerudi namna hiyo anastahili ardhi ambayo mtoto wake anaweza kukimbilia mpira bila kuzama. Kiangazi kikifika, wababa na wamama wa kila mtaa wazunguke mashimo yao, wahesabu, waseme lipi linafukiwa, lipi linawekewa ua, lipi linapandwa. Mafunjo yenyewe iko pale mtoni, hayauzwi.